Dakika Moja Kabla ya Kuzima

Gari liliingia Muyeye likivutwa na tuktuk
kwa kamba ya katani, mwendo wa jeneza.
Mazda jekundu, viti viwili, halina paa,
chumvi ya pwani imelitafuna mpaka kwenye nati.
Nyuma yake, kwa miguu, Mzee Kalume,
funguo kaning'iniza kidoleni kama samaki mdogo.

Mwitaliano alirudi kwao na deni la mishahara,
miezi thelathini na mmoja.
Akaacha gari.

"Sidi," akaniambia, "nataka ulifunge turbo."
Nikamtazama magoti. Nikamtazama miwani.
Baba, nikasema, hili halina hata breki.
"Breki naijua. Miaka ishirini na miwili
pale Casuarina, breki nilikuwa mimi."

Sanduku likaja kutoka Dubai,
maelezo ya Kijapani, picha za mikono
isiyojua grisi.
Nikampakata konokono wa chuma, mzito kuliko anavyoonekana,
nikampulizia: panga likazunguka bila kukwaruza.
Nikamweleza mzee: moshi unaotupwa nje
unapita hapa kwanza, unasukuma panga hili,
panga linaishindilia injini hewa mpaka ishibe.
"Moshi wenyewe? Ule wa kutupwa?"
Ule ule.
Akanyamaza muda mrefu.

Studi ya tatu ya manifoldi ilikatika, tak,
ikabaki kisiki ndani ya chuma.
Nikaichoma, nikaimwagia oili, nikaiacha ilale.
Nikaichoma tena. Siku ya tatu ikakubali,
robo mzunguko, huku ikilia.

Gasketi haikuwamo sandukuni.
Nikashusha ukutani sinia la shaba la marehemu bibi,
lile lililotoboka, nikalikata kwa mkasi wa bati,
nikalitia moto likawa jekundu, nikalizamisha majini
lilainike.
Mama hakunisemesha mpaka Ijumaa.

Kila alasiri Kalume alikalia kreti la soda
akinipa spana niliyoomba, na mara nyingine nisiyoiomba.
Mwitaliano, alisema, alijua neno letu moja tu.
Alilinunua likiwa limechapwa kwenye fulana.
Polepole, Kalume, na trei.
Polepole na toroli, wageni wamelala.
Na ukimuuliza mshahara: polepole.
"Wanasema haraka haina baraka.
Waliosema hawakungoja pesa ya Machi
hadi Novemba."

Nikang'oa plagi, nikaizungusha injini bila moto
mpaka taa ya oili ikazimika.
Turbo haianzi kazi na kiu.
Kisha nikarudisha plagi, nikampa ufunguo.

Baada ya daraja la Sabaki barabara inanyooka.
Gea ya tatu. Mwanzo hakuna kitu,
injini inanung'unika kama mtu aliyeamshwa.
Halafu mluzi, mwembamba, kutoka chini ya boneti,
na mgongo wangu ukabandikwa kwenye kiti.
Mbuzi, vibanda, mabango ya viwanja vinavyouzwa,
vyote vikawa mstari mmoja.
Kofia yake ikaruka. Hakugeuka.
Akatukana kwa Kitaliano,
matusi kamili, yenye vituo,
ambayo sijui aliyahifadhi wapi muda wote ule.

Tuliporudi gereji akanyoosha mkono kwenye ufunguo.
Nikaushika.
Usizime. Ngoja dakika moja.
Konokono bado anazunguka, amewaka;
ukimkatia oili sasa, ataungua.

Akanitazama juu ya miwani.
"Polepole?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitambaa,
nikajifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

Akaweka viganja juu ya mapaja,
akaanza kuhesabu kwa Kigiriama, kwa sauti,
mwenga, mbiri, hahu,
na injini ikihema chini chini mbele yake.
Alipofika sitini
aliendelea.